Mzee Rumanyika wa Karagwe: Maisha Yake na Urithi Aliotuachia

Kamati ya sherehe ya Chama Kikuu chetu, ilipokuwa ikitayarisha kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 10, ilituagiza sisi wa Nyakakika tuandike habari za mtu mmoja wa zamani ambaye maisha yake yaweza kumfaa mkulima wa leo. Kurasa nyingine za kitabu hiki zina hesabu za kahawa, majina ya vyama vya msingi na taarifa za maghala. Sisi tumechagua kumwandika mtu ambaye hakupata kupeleka hata gunia moja la kahawa mnadani, wala hakujua hisa ni nini. Mtu huyo ni Omukama Rumanyika Orugundu, aliyetawala Karagwe katika karne ya 19.

Huenda msomaji akauliza mfalme ana uhusiano gani na ushirika wa wakulima. Twajibu hivi. Chama ni kama nyumba: hujengwa na wengi, hukaliwa na wengi, na uimara wake haujulikani siku ya karamu bali siku mwenye nyumba anapoondoka. Rumanyika alikuwa baba wa nyumba iliyokuwa kubwa kuliko zote katika nchi hii. Aliipenda ardhi yake, mifugo yake na wanawe. Wageni walimsifu, na majirani walimheshimu. Hata hivyo, miaka michache tu baada ya kifo chake nyumba ile iligawanyika kwa sababu ya jambo moja, nalo ni urithi. Ndiyo maana habari zake zatuhusu sana sisi tulio na vibanja vya migomba na kahawa, na watoto watakaovirithi.

Kwanza tueleze nchi yenyewe. Karagwe ya zamani ilikuwa nchi ya vilima virefu na mabonde yenye maji, ikipakana na mto Kagera upande wa Rwanda. Leo nchi hiyo imo katika Mkoa wa Kagera, na tangu mwaka 2012 sehemu yake ya kaskazini ni Wilaya ya Kyerwa. Wenyeji wake ni Wanyambo. Kati yao walikuwako wakulima, waliolima migomba, mtama, maharage na viazi, na walikuwako wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu. Walikuwako pia wahunzi mashuhuri, waliofua majembe na mikuki kutokana na chuma cha nchi hii. Ukoo uliotawala ulikuwa ule wa Wahinda, wanaomtaja Ruhinda kuwa babu yao wa kwanza. Makao makuu ya wafalme yalikuwa Bweranyange, juu ya kilima kinachotazama ziwa dogo.

Rumanyika alikuwa mwana wa Omukama Ndagara. Ndagara alipofariki, yapata katikati ya karne ya 19, wanawe watatu walisimama kila mmoja akitaka kiti: Rumanyika, Rogero na Nnanaji. Masimulizi aliyopewa msafiri Mwingereza John Hanning Speke yaeleza kwamba wakuu wa nchi waliweka mbele ya ndugu hao ngoma ndogo, nyepesi kwa macho lakini iliyotiwa dawa, ambayo mrithi wa haki peke yake ndiye angeweza kuiinua. Wawili walishindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo, na wakuu wakamtambua kuwa ndiye Omukama.

Laiti ngoma ingetosha! Nnanaji alikubali, akakaa karibu na nduguye kama msaidizi wake. Rogero hakukubali, bali alikusanya watu akapigana. Vita vile vilimfikisha Rumanyika mahali pabaya, na aliokolewa kwa msaada uliotoka nje. Wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa wameweka kituo chao Kafuro karibu na Bweranyange, hawakutaka biashara yao ipotee. Mfanyabiashara maarufu wa Kazeh huko Unyamwezi, aitwaye Musa Mzuri, alimpelekea Kabaka Suna wa Buganda pembe za ndovu ili atume askari wamwondoe adui. Basi yapata mwaka 1855 Rumanyika alikaa kwa imara katika kiti cha baba yake. Lakini kiti chenyewe kilikuwa kimelipiwa kwa pembe za watu wengine, na nduguye alikuwa hai, mwenye kinyongo. Twaomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Utawala wake, kwa jinsi ulivyoelezwa na waliouona, ulikuwa wa mtu mpole, mrefu wa kimo, mwenye sauti ya utulivu na mwenye kupenda mazungumzo. Chakula chake kilikuwa kidogo mno. Aliishi karibu kwa maziwa matupu, na nyama ya kuchemsha aliifyonza mchuzi tu. Ng'ombe ndio waliokuwa hesabu ya mali yake na fahari ya nchi. Kila mwezi ulipoandama, ngoma zaidi ya 30 zilipangwa mbele ya lango la boma, zikapigwa kwa pamoja, na wakuu wa sehemu mbalimbali wakaja mmoja mmoja kuonyesha utii wao. Hivyo kila mwezi nchi nzima ilikumbushwa kwamba ni nchi moja. Sisi wa ushirika tunao mkutano mkuu wa mwaka, na kila mtu ajua jinsi ilivyo kazi kuwakusanya wanachama mara moja tu katika miezi 12.

Jambo lililomfanya Rumanyika ajulikane duniani ni ukarimu wake. Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika Bweranyange mwezi Novemba mwaka 1861, wakiwa safarini kutafuta chanzo cha mto Nile. Njiani kutoka Unyamwezi walikuwa wameteswa na hongo. Kila mtawala mkubwa au mdogo aliwazuia mpaka alipwe nguo, shanga na nyaya za shaba, na huko Usui walicheleweshwa na kunyang'anywa mali nyingi. Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yaligeuka. Wajumbe wa Omukama waliwapokea na kuwaongoza, na vijiji viliamriwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme. Wakaelezwa kwamba katika nchi ya Karagwe mgeni hatozwi ushuru.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Rumanyika aliyafahamu maana ya maneno hayo kwa akili ya mtawala na si kwa moyo wa huruma peke yake. Mfanyabiashara asiyenyang'anywa hurudi tena, na anaporudi huleta bidhaa, habari na marafiki. Kafuro palikuwa mahali pa kukutana watu wa pwani, wa Unyamwezi, wa Buganda na wa Buhaya. Huko zilipita pembe, chumvi, nguo, na kahawa ile ya kutafuna ambayo katika nchi zetu ilipewa mgeni kabla ya maneno yoyote. Wakulima wa kahawa wa leo tusisahau kwamba buni ilikuwa alama ya udugu kabla haijawa bidhaa ya kupimwa kwa mizani.

Speke alimkuta Omukama ameketi pamoja na Nnanaji, amevaa joho jeusi la Kiarabu, naye akawapa mkono. Katika siku zilizofuata walizungumza mengi: habari za maziwa, za milima mirefu ya moto iitwayo Mfumbiro, za serikali za nchi za mbali na za mianzo ya vitu. Ilizungumzwa hata habari ya watoto wa Omukama kupelekwa Uingereza kupata elimu, ingawa haikutimia. Yafaa tuseme hapa kwamba Speke aliandika pia dhana yake kuwa watawala wa nchi hizi walikuwa watu wa kabila la kigeni kutoka Ethiopia. Wataalamu wa historia wameikataa dhana hiyo, nayo imeleta madhara mengi katika nchi za jirani. Tunayoyachukua kwake ni yale aliyoyaona kwa macho yake, wala si yale aliyoyakisia.

Mwezi Januari mwaka 1862 Speke alikwenda Buganda. Grant hakuweza kwenda, kwa maana mguu wake ulikuwa umeshikwa na donda baya na hakuweza kusimama. Akabaki mikononi mwa Rumanyika mpaka Aprili, yaani karibu miezi mitano tangu walipofika. Mgonjwa asiye na jeshi, asiye na ndugu, mwenye mali ya kutamanika, katika nchi ya mbali, angeweza kupatwa na lolote. Lakini Omukama alikwenda kumtazama, alimpelekea chakula na dawa za kienyeji, na wanawe wakawa wakimtembelea na kuzungumza naye. Grant aliondoka akichukuliwa katika machela, akiwa hai, na baadaye aliandika kitabu ambamo mimea, mvua na desturi za Karagwe zimeelezwa kwa makini. Elimu kubwa tuliyo nayo juu ya mababu zetu wa wakati ule ilitokana na ukarimu uliofanyiwa mgonjwa mmoja.

Hatuandiki habari hizi ili tumfanye Rumanyika malaika. Jumba lake lilikuwa na desturi ambazo hatuzisifu. Wake wa jamaa ya kifalme walinyweshwa maziwa kwa wingi mno mpaka wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa uzuri. Maziwa yale yalitoka kwa ng'ombe waliochungwa na wengine, na ndizi za boma zilitoka katika migomba iliyopaliliwa na wengine. Mkulima wa Kinyambo aliyeinama na jembe tangu alfajiri hakuandikwa jina katika vitabu vya wasafiri. Sisi, ambao chama chetu ni cha wenye jembe, hatuwezi kupita hapo bila kumkumbuka mtu huyo asiyetajwa. Yeye naye ni babu yetu, na pengine ni babu yetu wa karibu zaidi.

Tena, kinyongo cha Rogero hakikuisha. Miaka ilikuwa imepita tangu ngoma ile iinuliwe, lakini Speke alipofika Omukama alimsimulia habari za nduguye kwa uchungu, akamwuliza kama Wazungu wanayo dawa ya kummaliza. Mtu aliyempa mgeni ng'ombe na asali bila kudai ushuru alimtafutia sumu mtoto wa baba yake! Hatusemi haya kwa kumdhihaki. Twasema kwa sababu kila mmoja wetu anamjua mtu wa namna hiyo kijijini kwake: mkarimu kwa kila apitaye njiani, lakini hasalimiani na nduguye kwa ajili ya mpaka wa migomba mitatu.

Mwezi Februari mwaka 1876 alifika msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, akakaa nchini karibu mwezi mzima. Rumanyika sasa alikuwa mzee, lakini upole wake ulikuwa ule ule. Walishindana kwa mitumbwi ziwani, mzee akifurahi kama kijana. Akampa mgeni viongozi wa kumpeleka kwenye maji ya moto ya Mtagata, ambako watu walikwenda kuoga ili wapone maradhi, kama wafanyavyo mpaka leo. Kisha akamwonyesha nyumba ya hazina. Ndani yake mlikuwa na mikuki iliyofuliwa kwa ustadi mkubwa, sanamu za bata na za wanyama wenye pembe zilizotengenezwa kwa shaba, ngoma na vifaa vingi vya enzi. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono ya wahunzi wetu kwa vizazi vingi, nayo ilikuwa imekusanywa mahali pamoja, chini ya mzee mmoja.

Miaka michache baadaye mzee huyo akafariki. Yaliyotokea ni maneno mazito, na tutayasema kwa ufupi. Mwanawe aliyemrithi hakudumu hata mwaka mmoja. Mwana mwingine, Kakoko, akakinyakua kiti, na ndugu wengi wakauawa ili wasije wakadai. Kakoko naye akauawa, na kiti kikamfikia mjukuu aliyekuwa kijana mdogo. Wale watoto waliokuwa wakimtembelea Mzungu mgonjwa na kumchekesha kitandani walikuwa wa nyumba hiyo hiyo iliyokuja kuchinjana.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Nyumba ilipodhoofika, kila balaa ilipata mlango. Biashara ya Kafuro ilikufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe katika nchi zote za maziwa makuu, na ndui na njaa vikafuata. Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, na Karagwe, ambayo katika siku za Rumanyika iliheshimiwa na Buganda, ikawekwa chini ya amri yao. Baadhi ya hazina ya Bweranyange, pamoja na ng'ombe wa chuma waliofuliwa na mababu zetu, ilichukuliwa ikapelekwa Ujerumani, na imehifadhiwa katika jumba la makumbusho liitwalo Linden-Museum katika mji wa Stuttgart. Utawala wa kichifu wenyewe ulikoma mwaka 1963, baada ya nchi yetu kupata uhuru. Jina la mzee limebaki katika hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na katika masimulizi ya wazee.

Sasa tuulize: kosa lilikuwa wapi? Rumanyika alikuwa na ardhi, mifugo, marafiki na watoto wengi. Alichokosa ni njia ya kukabidhi ambayo watoto wote wangeiamini. Yeye mwenyewe alipata kiti kwa ngoma yenye dawa na kwa askari waliokodishwa kwa pembe, naye hakuwaachia wanawe njia iliyo bora kuliko ile. Baba anapowaachia wanawe mali bila utaratibu, huwa amewaachia vita.

Katika daftari za vyama vyetu jambo hili si hadithi ya kale. Mwanachama anafariki wakati kahawa yake imo ghalani, na malipo ya pili hayajaja. Wanafika watu watatu ofisini: mjane mwenye jembe begani, kaka wa marehemu mwenye barua, na kijana kutoka mjini mwenye haraka. Kila mmoja adai kuwa ndiye mwenye haki. Kibanja kinakaa mwaka mzima bila kupogolewa, mnyauko wa migomba unaingia, na fedha zinakaa benki zikingoja hukumu. Kibanja kilichopandwa kwa miaka 30 chaweza kuharibika katika misimu miwili. Ndugu wakigombana, wasemao husema, chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Lakini ugomvi wa urithi haungoji kupatana, kwa kuwa hao waliogombana huwa wamekwisha kuuza miche.

Kwa hiyo twawasihi wanachama wote mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama afike katika chama chake cha msingi ahakikishe kwamba jina la mrithi wa hisa zake limeandikwa, na kama limepitwa na wakati libadilishwe mbele ya mashahidi. La pili, wosia wa kibanja uandikwe mwenyewe akiwa na akili timamu na afya, usomwe mbele ya watoto wote, nakala moja ikakae mahali pa amani. La tatu, mjane na mabinti wasisahauliwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Zaidi ya sheria, kila mtu ajua ni mikono ya nani iliyoianika kahawa ile.

Na chama chenyewe nacho kijifunze. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na mpaka sheria mpya ya mwaka 1982 ilipoviruhusu tena wakulima walikuwa wamepoteza mengi. Vyama vilivyotegemea mtu mmoja hodari havikuwa na kumbukumbu za kuanzia upya. Sisi tumefika miaka 10. Viongozi wetu wa kwanza ni wazee sasa, na baadhi yao wamekwisha kutangulia. Yafaa funguo, hati na hesabu zikabidhiwe mchana, mbele ya mkutano, kwa watu waliochaguliwa, ili pasiwe na haja ya ngoma ya dawa wala ya pembe za ndovu.

Mzee Rumanyika alitufundisha kumpokea mgeni, kuitunza nchi na kuwa na neno la upole. Hayo tuyashike. Lile ambalo hakuwahi kulitengeneza, yaani kumwachia mtoto mali pamoja na amani, limebaki kuwa kazi yetu. Daftari la warithi li wazi katika kila chama cha msingi siku zote za kazi, na kuandikisha jina hakuna malipo.